Kidole kimoja hakivunji chawa: maisha ya Dk. Henry Faulds, daktari wa alama za vidole

Leo habari ni ndefu kidogo, tuvumiliane.

Imeanzia mlangoni. Juzi juzi nilikwenda kumwona mgonjwa kwenye kituo kimoja cha afya huku huku kwetu, jina naliacha, na wakati nimekaa kwenye benchi la korido nikawa naangalia mlango wa stoo ya dawa. Pale siku hizi hakuna ufunguo. Kuna kile kiboksi cha kuweka kidole, kinalia tii, taa ya kijani, mlango unaachia. Nesi akaja mbio, ndiyo kwanza kavua glavu, mikono bado ina unyevu wa sanitaiza. Kaweka kidole, taa nyekundu. Kafuta kwenye gauni, kaweka tena, nyekundu. Mara ya tatu hakuhangaika, akamwita kijana wa maabara aliyekuwa anapita, kijana akagusa, kijani, akaendelea na safari yake. Nesi akaingia, akachukua alichotaka, akatoka.

Mimi nikabaki najiuliza, mashine imeandika nini? Imeandika kwamba yule kijana wa maabara ndiye kaingia stoo mchana ule. Nesi kwenye kumbukumbu hayupo kabisa. Siku boksi la sindano likipotea, bwana mkubwa akichapisha orodha, nani atakalishwa kitako?

Basi wadau, kesi ya namna hii si ngeni. Ilimkuta daktari mmoja Mskoti kule Tokyo zaidi ya miaka 140 iliyopita, ndani ya hospitali yake mwenyewe, na kutokana nayo dunia ikapata wazo hili la kumtafuta mtu kwa alama za vidole alizoziacha. Jina lake Henry Faulds. Lakini ili nifike kwake naomba nipitie Ujiji kwanza, mtaona kwa nini.

Wengi wetu tulishapelekwa na shule kwenye makumbusho ya Livingstone, tukaonyeshwa miembe, tukaambiwa hapa ndipo Stanley alipomkuta mzee Novemba 1871. Kitu ambacho huwa hakisemwi sana ni jinsi Waingereza walivyohakikisha kwamba maiti waliyokuja kuipokea ni ya Livingstone kweli. Mzee alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Kina Chuma na Susi na wenzao wakaikausha maiti kwa chumvi na jua, wakaibeba miezi na miezi mpaka Bagamoyo. Ilipofika London Aprili 1874 uso ulikuwa hauna tena msaada. Daktari Sir William Fergusson akaangalia mfupa wa mkono wa kushoto, maana Livingstone alishang'atwa na simba kule Afrika Kusini mwaka 1844, mfupa ukavunjika na haukuunga vizuri. Akalikuta jeraha pale pale linapotakiwa kuwa. Mambo yakaisha. Hakukuwa na kadi ya NIDA wala paspoti, mwili wenyewe ndiyo ulikuwa kitambulisho.

Sasa Livingstone alisomea udaktari Glasgow, kwenye chuo kilichoitwa Anderson's College. Miaka kama 30 baadaye chuo hicho hicho kikamtoa kijana mwingine Mskoti, naye daktari, naye mmisionari. Ndiye huyu Faulds wetu.

Alizaliwa tarehe 1 Juni 1843 kwenye mji mdogo wa Beith, Ayrshire, Uskoti. Familia ilikuwa na uwezo wake, halafu mambo ya pesa yakaharibika, na kijana akiwa na miaka 13 akatolewa shule akapelekwa Glasgow kuwa karani. Wangapi hapa wanaijua hiyo? Form two hujamaliza, unaambiwa nenda Kibirizi kasaidie kwenye mizigo. Lakini jamaa hakukata tamaa. Alipofika miaka 21 akajirudisha mwenyewe masomoni, akapiga hesabu, mantiki na lugha za kale Chuo Kikuu cha Glasgow, baadaye akahamia kwenye udaktari. Kanisa likamtuma India mwaka 1871, ule ule mwaka wa Stanley na Livingstone kukutana Ujiji, akafanya kazi Darjeeling kwenye hospitali ya maskini. Akarudi, akamwoa Isabella Wilson Septemba 1873, na Desemba ya mwaka huo huo maharusi wakapanda meli kuelekea Japani. Fungate lao lilikuwa melini.

Kule Tokyo, eneo la Tsukiji walikoruhusiwa kukaa wageni, akafungua hospitali. Hapa naomba nisimame kidogo kwa sababu watu wengi wakimtaja Faulds wanarukia kwenye vidole tu, kumbe jamaa alikuwa mganga kwelikweli. Aliwafundisha madaktari wa Kijapani njia mpya ya Joseph Lister ya kuua vijidudu kwenye vidonda na vifaa vya upasuaji. Mwaka 1875 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kusaidia vipofu, na shule ya vipofu ikafuata. Alihangaika na kipindupindu, ugonjwa ambao sisi wa mwambao wa ziwa hatuhitaji kuelezwa. Aliweka hata watu wa kuokoa wanaozama kwenye mifereji. Akajifunza Kijapani mpaka kikakolea. Kufikia mwaka 1882 hospitali yake ilikuwa inahudumia wagonjwa kama 15,000 kwa mwaka. Kwa hiyo tunamzungumzia mtu wa wodini, si mpelelezi wala askari.

Vidole vilikujaje? Alikuwa na rafiki Mmarekani, Edward Morse, aliyekuwa anachimba mabaki ya kale sehemu inaitwa Omori. Kwenye vipande vya vyungu vya maelfu ya miaka Faulds akaona vimistari vidogo sana, alama za vidole vya mfinyanzi, zimebaki kwenye udongo kama za jana. Mfinyanzi kafa, jina lake hakuna anayelijua, kidole kipo! Ikamkaa kichwani. Akaanza kuwachapa watu vidole hospitalini, wanafunzi wake, wafanyakazi, wagonjwa, Wajapani na wageni. Kifaa chake kilikuwa rahisi mno: kipande cha bati au ubao laini, wino mwepesi wa kuchapia magazeti, karatasi. Kitu ambacho hata leo ungeweza kukifanya kwa nguvu ya buku mbili.

Akataka kujua pia kama alama zinabadilika. Yeye na wanafunzi wake wakajinyoa ngozi ya ncha za vidole kwa wembe mpaka mistari ikapotea, wakasubiri. Ngozi ilipoota, mistari ikarudi vile vile, kila mmoja na yake. Nadhani hapo ndipo alipoamini kwamba ameshika kitu kikubwa.

Halafu likatokea la spiriti. Hospitali ilikuwa na spiriti kali ya kutumia kwenye kazi, na spiriti ikawa inapungua bila maelezo. Kuna mtu alikuwa anainywa. Faulds akaona kwenye chombo alama za vidole vyenye mafuta. Kwa bahati vidole vya watu wa pale alishavichapa kabla kwa ajili ya utafiti, akavitoa, akalinganisha, akampata mnywaji. Hiyo ni stoo ya hospitali, wadau, na mali ya hospitali, na swali la nani kaingia humo ndani. Ni mlango ule ule niliokuwa nauangalia kutoka kwenye benchi, ila bila umeme.

Kesi ya pili ndiyo naipenda zaidi. Mwizi alipanda ukuta mweupe, akaacha alama za vidole vyenye masizi. Kuna mtu akashukiwa. Faulds akalinganisha alama za ukutani na za mshukiwa, hazikufanana. Zikamtetea. Yaani tangu mwanzo kabisa, wazo lilipokuwa bado bichi, kidole kilifanya kazi mbili, kumpata mkosaji na kumtoa asiye na kosa, na hakuna ushahidi kwamba Faulds aliiona moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Sisi tumeikumbatia ile ya kwanza na ya pili tumeiacha kwenye mataa.

Februari 1880 akamwandikia Charles Darwin, yule mzee wa nadharia ya mageuzi, akiomba msaada. Darwin alikuwa mzee na mgonjwa, akaipasia barua kwa ndugu yake, Francis Galton. Oktoba 28 mwaka huo huo Faulds akachapisha barua kwenye jarida la Nature, akieleza jinsi ya kuchapa vidole, akitaja kesi zake mbili na akipendekeza kwamba alama zinazoachwa mahali pa uhalifu zinaweza kumtaja mhalifu. Ndiyo barua ya kwanza ya namna hiyo kuchapishwa.

Mwezi mmoja haujapita, likatokea jibu. Sir William Herschel, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Bengal, India, akaandika kwamba yeye vidole ameshavitumia tangu 1858. (Mwaka huo huo, mwezi Februari, Burton na Speke walikuwa wanalifikia ziwa letu, ndiyo maana nimeshindwa kuusahau.) Na ni kweli, Herschel alimchapa mkandarasi mmoja mkono mzima kwenye mkataba ili asije akaruka, na baadaye kule Hooghly akawachapa wastaafu vidole ili watu wasichukue pensheni ya marehemu. Wafanyakazi hewa, kumbe ni ugonjwa wa zamani! Kwa maoni yangu kila mmoja alikuwa na haki yake. Herschel alianza kutumia kabla, kwa kuhakikisha kwamba uliyeko mbele yangu ndiye yule yule. Faulds alikuwa wa kwanza kuchapisha lile lingine, la kumtafuta mtu ambaye hayupo mbele yako, ameshaondoka, ameacha alama tu. Ni mambo mawili tofauti, na nitayarudia.

Lakini haki haigawanywi hivyo, hasa ukiwa mtoto wa Beith uliyeanzia ukarani na mwenzako ni Sir. Na huyu Galton naye tumwangalie kidogo, maana ana historia na Ujiji. Alikuwa mkubwa ndani ya Chama cha Jiografia cha London kilichomtuma Burton na Speke huku kwetu. Na Agosti 1872, Stanley aliporudi na kwenda kusimulia habari za Ujiji kwenye mkutano mkubwa mjini Brighton, mwenyekiti wa kikao cha jiografia alikuwa ni Galton. Wakubwa wale walimtazama Stanley kama mwandishi wa magazeti anayependa kukuza mambo, na tayari minong'ono ilikuwa imeanza kwamba huyu Mmarekani si Mmarekani. Na kweli hakuwa, alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands. Kwa hiyo Stanley naye alikuwa na tatizo la kitambulisho, na mwenyekiti wake wa siku ile ndiye mtu ambaye miaka 20 baadaye alikuja kuandika kitabu maarufu cha alama za vidole.

Mwaka uliofuata, Juni 1873, Galton huyo huyo akaandikia gazeti la The Times la London akipendekeza Wachina waje wahamie pwani ya Afrika Mashariki wachukue nafasi ya Waafrika, kwa sababu aliwaona wenyeji kuwa watu wa chini. Nawaambia ukweli, nilipoisoma nilitoka nje kwanza nikanunua soda. Kitabu chake cha vidole kilipotoka mwaka 1892 alikuwa ametafuta humo tofauti za mataifa na za akili. Akachukua vidole vya Waingereza, Wayahudi, Waafrika, wasomi, wakulima, hata vya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili waliokuwa wanatunzwa Darenth, karibu na London. Sidhani kama kuna aliyewauliza wale wa Darenth kama wanakubali. Na akakuta nini? Hakuna kitu. Hakuna alama ya Mzungu wala ya Mwafrika wala ya msomi, mistari ilimkatalia. Na yeye, tumpe haki yake, akaandika hivyo hivyo alivyokuta.

Faulds ndani ya kitabu hicho katajwa juu juu tu, sifa zikaenda kwa Herschel.

Faulds mwenyewe alishagombana na wamisionari wenzake na kurudi Uingereza mwaka 1886. Akawapelekea polisi wa Scotland Yard mpango wa kutumia vidole, wakamkatalia. Mwaka 1901 hao hao wakafungua ofisi ya alama za vidole chini ya Edward Henry, kwa mfumo uliotengenezwa Calcutta na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Nao hao wawili jina lao halikuwekwa kwenye mfumo, unaitwa mfumo wa Henry mpaka kesho. Mnaona mchezo ulivyo.

Yeye akaenda kuwa daktari wa kawaida na daktari wa polisi Fenton, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo, Stoke-on-Trent. Ajabu ya Mungu, alianza na vyungu Japani akaishia kwenye vyungu Uingereza.

Mwaka 1905 ikaja kesi kubwa. Deptford, London, mwenye kusimamia duka la rangi, mzee Thomas Farrow, na mkewe Ann walivamiwa na kuuawa. Kwenye kisanduku cha pesa kulikutwa alama ya dole gumba. Wakakamatwa ndugu wawili, Alfred na Albert Stratton, dole la Alfred likasemekana linalingana. Hapo ndipo kila mtu angetegemea Faulds asimame upande wa mashtaka ashangilie, si ndoto yake imetimia? Akaenda upande wa utetezi. Mahakamani hakuitwa kutoa ushahidi, ila msimamo wake ulijulikana na aliuandika miaka yote iliyofuata: dole moja, lililoachwa kwa bahati, halitoshi kumnyonga mtu. Yeye alitaka vidole vyote kumi vilinganishwe, na alitaka kujua nani amewahi kupima ni mara ngapi dole la mtu mmoja linaweza kufanana na la mwingine. Ndugu wale wakanyongwa Mei 1905. Kulikuwa na ushahidi mwingine pia dhidi yao, sisemi walionewa. Nasema mwenye kugundua kitu ndiye aliyesema polepole jamani. Watu wakasema mzee ana kinyongo na Scotland Yard. Kinyongo alikuwa nacho, tena kikubwa, nakubali. Lakini mtu mwenye kinyongo anaweza pia kuwa amesema kweli.

Wahenga wetu walishasema kidole kimoja hakivunji chawa, ila wao walikuwa wanazungumzia umoja. Ipate hii ya kitaalamu sasa. Mwaka 1997, huko huko Ayrshire alikozaliwa Faulds, mji wa Kilmarnock, mwanamke mmoja aliuawa nyumbani kwake. Wataalamu wakasema alama ya dole kwenye fremu ya mlango wa bafuni ni ya Shirley McKie, mpelelezi wa polisi. Yeye akasema mguu wake haujawahi kukanyaga ndani ya nyumba ile. Nani atamwamini mtu dhidi ya kidole chake? Akashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Mwaka 1999 baraza la wazee wa mahakama likamwachia, baada ya wataalamu kutoka Marekani kuonyesha kwamba alama si yake. Mwaka 2006 akalipwa fidia ya pauni 750,000, na mwaka 2011 tume ya uchunguzi ikaandika wazi kwamba alama ilisomwa vibaya. Kazi ilikuwa imeshapotea. Marekani nako, mwaka 2004, FBI wakamshika wakili wa Oregon, Brandon Mayfield, kwa alama moja kwenye mfuko uliokutwa Hispania baada ya mabomu ya treni za Madrid. Wiki mbili ndani, kumbe alama ni ya mtu mwingine. Wakaomba radhi.

Sasa turudi kwenye kiboksi chetu cha mlangoni, maana watu wanadhani kile kinafanya kazi ya Scotland Yard. Wapi! Kile hakitunzi hata picha ya kidole, mashine nyingi zinachukua sehemu chache tu ambapo mistari inakatika au inagawanyika, zinazigeuza kuwa namba, na unapogusa zinauliza hizi namba zinakaribiana kiasi gani na zile za siku ya kuandikishwa. Zikikaribiana vya kutosha, kijani. Hicho cha kutosha kinawekwa na fundi. Akiweka ukali, manesi wanakataliwa mlangoni mgonjwa akisubiri. Akilegeza, siku moja anaingia asiyehusika. Katikati hapo hakuna ukamilifu, ni kuchagua uchungu gani unauweza.

Na vidole vya kwetu navyo! Kumbukeni usajili wa laini kwa alama za vidole, ule wa 2019 hadi Januari 2020. Shangazi yangu ameanika dagaa maisha yake yote, chumvi, mchanga, jua, vidole laini kama kioo. Kwa wakala mmoja aliweka kimoja baada ya kingine, mashine inamwambia hayupo. Mama mzima na wajukuu juu, hayupo! Alipata siku ya tatu, kwa kidole kidogo cha kushoto. Wavuvi, wajenzi, wazee, na manesi wanaonawa kwa sabuni na spiriti kutwa mara hamsini, wote hao mistari inafifia. Tena hospitali ndiyo mahali ambapo mikono inatakiwa ivae glavu na isigusane hovyo, halafu tunaweka kioo kimoja kiguswe na kila mtu. Ndiyo maana wenye pesa siku hizi wanaweka za kusoma uso, mboni ya jicho au mishipa ya kiganja, usiguse kitu. Nazo zina matatizo yake, barakoa tu uso umekwisha. Na umeme je? Kigoma ya majenereta ya dizeli tumeishi nayo miaka mingi, kila mtu hapa anajua giza la ghafla. Mlango wa wodi ya wazee au wa wagonjwa wanaopoteza kumbukumbu, umeme ukikatika moto ukiwaka, ubaki umefunga au ufunguke wenyewe? Hilo inabidi liulizwe kabla ya kununua.

Lakini zaidi ni lile la mambo mawili nililosema nitarudia. Alama ya Faulds kwenye chombo cha spiriti ilikuwa ngozi ya mtu iliyogusa kitu chenyewe. Kumbukumbu ya mlango si hivyo, ni mashine inasema fulani aligusa kioo changu saa fulani. Nani alipita, na alitoka na nini, haijui. Ukiichukua hiyo ukamwita mtu mwizi, Faulds angekuwa upande wa utetezi tena. Na neno la siri likivuja unabadilisha, kidole kikivuja unabadilisha na nini? Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za namna hii kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ukiandikishwa kidole kazini una haki ya kuuliza kinatunzwa wapi, na ukiacha kazi kinafutwa lini. Ulizeni, msiogope.

Faulds aliuza kliniki yake mwaka 1922, akahamia Wolstanton pale pale jirani. Alizeeka anaandika barua, vitabu, makala, akidai jina lake. Alifariki Machi 1930 akiwa na miaka 86, na wanaomjua wanasema alikufa na uchungu wake. Beith wakamwekea kumbukumbu mwaka 2004, na Tokyo, pale Tsukiji alipokuwa anaishi, kuna jiwe lenye jina lake. Wajapani hawakumsahau, kuliko hata Waingereza.

Jana nilirudi kwenye kile kituo, mgonjwa wetu ameruhusiwa, namshukuru Mungu. Nikapita tena kwenye ule mlango. Kiboksi kipo, taa yake inawaka. Pembeni yake sasa limening'inia daftari la kaunta limefungwa kwa kamba ya nyavu, na kalamu ya bluu. Anayefunguliwa mlango na mwenzake anaandika jina lake na saa. Nilichungulia, ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshajaa.